Lugha Aliyobaki Nayo Baba Yako

Wakesho mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Nakusikia hapo chumbani ukifungua sanduku na kulifunga, unatoa kitu, unakirudisha. Mimi nimekaa mezani jikoni, jua la Missouri City bado halijatua, na chai yangu imeshapoa. Kesho wakati kama huu utakuwa kule kaskazini, kwenye chuo ambacho nimekiona kwa picha tu, ukianza majira yako ya joto ya kusoma Kige'ez, ile lugha ya kale ya kanisa la baba yako, na vile vitabu vyake vya ngozi. Nina mambo ambayo nikijaribu kuyasema uso kwa uso nitaishia kukuuliza kama umebeba sweta. Kwa hiyo naandika.

Habari za sweta, chakula na kupiga simu sitazitia humu. Hizo tumeshabishana vya kutosha.

Nataka nianze na lile neno. Mwezi wa tatu, uliponiambia, "Mama, nime-apply, na wamenikubali," nilikuwa nimetoka kazini na miguu imevimba, nikadhani unazungumzia uuguzi. Ulipotaja Kige'ez nilicheka. Nikakwambia lugha hiyo haijampa mtu kazi. Ukanijibu kwa Kiingereza, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba hutafuti kazi, unamtafuta baba yako. Hapo ndipo niliposema, "Baba yako alikufa akiisema, na haikumsaidia hata kuomba maji."

Ulitoka nje, ukakaa kwenye ngazi za mbele mpaka nikaenda kulala. Tangu siku ile tumezungumza mengi, hata kucheka tumecheka, lakini neno lile hakuna aliyeligusa. Sitaki uondoke nalo. Siwezi kulimeza tena, lakini naweza kukueleza lilikotoka, na lilitoka mbali kidogo.

Tulipofika Dallas ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Shirika lililotupokea lilitupangia nyumba Vickery Meadow, ghorofa ya pili, kapeti inanuka mbwa wa watu waliotutangulia. Kwenye yale majengo kulikuwa na Wasomali, Wabosnia, Wakurdi, Wasudani, kila mtu na vita yake aliyoiacha. Wa kuzungumza naye Kiswahili nilimpata mama mmoja wa Bukavu, naye chake kilikuwa cha Kikongo na changu cha Taita, tukipotezana tunabaki kucheka. Mimi na baba yako lugha yetu ilikuwa hiyo hiyo Kiswahili. Yeye Mhabeshi, mimi Mtaita, tumekutana Nairobi. Kiswahili chake alikiokota Eastleigh, na mpaka mwisho alikuwa akisema "kitabu yangu" na "maji mzuri". Lakini ndicho alichonitongozea, na kilitosha.

Alfajiri alikuwa akisali. Alisimama karibu na dirisha, shuka lake jeupe mabegani, akaimba Zaburi kwa Kige'ez kwa ile sauti yake iliyokuwa ikitoka nusu kifuani nusu puani. Zote alikuwa nazo kichwani tangu utoto. Hakuwa na kitabu.

Ng'ambo ya ukuta wetu aliishi mama wa Kibosnia aliyepoteza wanawe wa kiume vitani. Siku moja akaja kubisha hodi, wala si kwa hasira. Kwa Kiingereza chake kibovu na changu kibovu alinieleza kwamba sauti ya mwanamume ikipita ukutani alfajiri, yeye huamka akidhani wale watu wamerudi. Nilimwonea huruma, na ile huruma sijaijutia. Ninachojutia ni namna nilivyoufikisha ujumbe. Nilimwambia baba yako, "Sauti yako inatesa watu. Na Mungu mwenyewe si kiziwi."

Kesho yake alichukua shuka lake akateremka kwenda kusalia ndani ya gari.

Magari ya Texas mwezi wa nane, hata kabla jua halijachomoza, ni tanuri. Alifunga vioo vyote ili asisikike. Na wewe ulikataa kuachwa. Nilikuwa nikikuona kutoka dirishani, umekaa kiti cha nyuma na nguo zako za kulalia, kichwa chako kikitokeza juu ya kiti. Nilitazama midomo yenu ikienda bila sauti. Nikasema moyoni, afadhali, nyumba imetulia. Ningeweza kumwambia asalie jikoni, upande usiopakana na mtu. Lilikuwa jambo rahisi hivyo. Sikulifikiria, au nililifikiria nikaliacha, kwa sababu sauti ile ilikuwa ikinitenga hata mimi. Mume wangu alikuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi, na mimi sikuwa na njia ya kumfuata.

Ulipoanza shule aliniomba ruhusa akufundishe herufi zake. Nikamwambia, "Mtoto ana Kiswahili changu, ana Kiamhara chako, ana Kiingereza cha mwalimu. Sasa unataka umwongezee na lugha ya wafu?"

"Basi," akasema.

Lile "basi" alilisema vizuri kuliko Mswahili yeyote. Nilitamani abishane.

Unakumbuka siku ya kile kitabu ndani ya kioo? Wewe ndiye uliyetupeleka. Shule yenu ilikwenda kutembelea maktaba ya chuo fulani, ukarudi mbio: "Baba, nimeona maandishi yako." Jumamosi tukaenda sote watatu, mimi bado nimevaa sare ya kazi. Kitabu kilikuwa kimefunuliwa katikati, wino mweusi na mwekundu, ukubwa wake kama tofali. Baba yako aliinama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Halafu akaanza kukisoma, kwa sauti, pale pale, kama alivyokuwa akisoma ndani ya gari. Watu wakageuka. Akaja mlinzi, kijana mpole, akasema, "Bwana, naomba usikiegemee kioo. Na tafadhali punguza sauti."

Baba yako hakumsikia. Mimi nilimsikia. Nikamvuta mkono wa koti, nikamwambia kwa Kiswahili, "Twende, unatutia aibu." Na wewe ulikuwa umesimama kando yake, kidole chako kinafuata mistari juu ya kioo, huijui hata herufi moja.

Unayoyajua ya siku ile yanaishia hapo. Yaliyofuata ulikuwa umeshakwenda kuangalia katuni.

Tuliporudi nyumbani alikaa jikoni akanieleza kwamba kwenye ukurasa ule, pembeni, palikuwa na tundu lililoshonwa kwa uzi. Ngozi ya mbuzi ikivutwa sana kwenye fremu ya miti hupasuka, na kazi ya kuishona kabla haijakauka ilikuwa ya watoto, kwa sababu vidole vyao ni vyembamba. Yeye ndiye aliyekuwa akishona kwa baba yake. Babu yako huyo alikuwa mwandishi wa vitabu. Alitengeneza wino wa masizi, akachonga kalamu za matete, na kitabu kimoja kilimchukua karibu mwaka mzima. Baba yako ndiye aliyetakiwa kuirithi kazi ile. Akaichukia. Alichukia harufu ya ngozi mbichi, akachukia kukaa chini, akachukia kuimba vitu ambavyo wenzake waliokuwa shule ya mjini walikuwa wakivicheka. Akiwa kijana kama wewe ulivyo sasa, alichukua viatu vyake mkononi akaondoka bila kuaga. Alimpita baba yake ameinamia ukurasa, amempa mgongo. Aliniambia kwamba alisimama pale mlangoni akangoja ageuke. Mzee alikuwa katikati ya mstari, na katikati ya mstari mwandishi hageuki.

Baadaye ilikuja vita, akakimbilia Moyale, kisha Nairobi. Habari za kifo cha baba yake alizipata Eastleigh, kwenye kibanda cha chai, kutoka kwa mtu aliyedhani anazijua tayari.

"Mimi nilidhani hizi vitabu zimekwisha," akaniambia. "Kumbe ziko hapa, lakini hakuna mtu anasoma. Zinaangaliwa tu."

Nilimwekea chakula. Mimi nami nilikuwa na msiba wangu. Bibi yako alipofariki Wundanyi, karatasi zetu za uhamiaji zilikuwa hazijatoka, sikuweza kusafiri. Nilikaa kwenye sakafu ya bafu na simu ya kadi sikioni, binamu yangu ameinua yake juu ya watu ili nisikie wakiimba kaburini. Kadi ikaisha kabla wimbo haujaisha. Kwa hiyo nilijua vizuri sana alichokuwa akikisema mume wangu pale jikoni. Tungeweza kulia pamoja. Kila mmoja wetu alilinda kilio chake kama mtu anayeficha mkate.

Tukahamia huku Missouri City, pembeni mwa Houston, kwa ajili ya kazi yangu ya hospitali. Mahali pa kusalia hapakuwa taabu tena, nyumba ilikuwa yetu na majirani wako mbali, lakini alikuwa ameshazoea. Aliendelea kwenda garini. Sikumwambia arudi ndani. Nilidhani anajua kwamba anaweza.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya kiharusi. Alikuwa akiosha vyombo. Nilisikia sahani ikianguka, nikamwambia bila kugeuka, "Taratibu, Baba Wakesho," na nilipogeuka alikuwa ameshika ukingo wa sinki, mdomo umeenda upande. Hayo uliyaona, sitayarudia. Nataka nikueleze nilivyoyaona yaliyofuata, kwa sababu mimi na wewe hatukuwa tukiyatazama kwa jicho moja.

Mimi ni mtu wa hospitali. Nimewageuza na kuwaosha wagonjwa wa kiharusi miaka mingi. Najua kwamba neno hurudi kwa mazoezi, na linaporudi mapema ndipo linapobaki. Yule dada wa mazoezi ya kusema alikuja na kadi zake za picha, kikombe, ufunguo, kiatu. Baba yako alitazama picha ya kikombe, akavuta pumzi, na ikatoka Zaburi. Nzima, haikukatika, kwa sauti yake ile ile, utadhani si mgonjwa. Dada akaniuliza anasema nini. Nikasema sijui. Akaniambia hutokea: mtu akapoteza maneno ya kusema lakini yale aliyoyakariri utotoni yakabaki, kwa kuwa yamehifadhiwa mahali pengine. Kiswahili kilikuwa kimekwenda, Kiamhara pia, Kiingereza usiseme. Alibaki na hiyo.

Wewe uliifurahia. Ulikuwa ukikaa naye sakafuni, anaimba, unamfuata kwa kubahatisha. Mimi nilikuwa nikiona wakati unapotea. Nilitaka aseme "maji". Nilitaka aseme jina langu. Nilijiambia nampigania yeye, na kwa sehemu ni kweli, lakini nilikuwa najipigania mimi. Kiswahili ndicho kilichokuwa chetu, chake na changu. Kikienda hicho, mimi kwake nilikuwa nani?

Asubuhi moja, wewe uko shule, nilimshikia glasi mbele ya macho. Nikamwambia, "Sema maji. Ma-ji." Akafungua mdomo, ikaanza Zaburi. Nikarudia. Ikaanza tena. Mara ya tatu nilimziba mdomo kwa kiganja changu.

Sikumpiga. Nataka ujue hilo. Lakini nilikiweka kiganja pale na kukishikilia, na sauti ikaendelea kidogo ndani ya mkono wangu, halafu ikanyamaza. Alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtoto aliyefahamishwa kwamba kumbe ametenda kosa siku zote na hakuna aliyemwambia.

Tangu siku ile hakuimba tena mbele yangu.

Hilo sikukwambia kamwe. Wewe ulidhani anaimba kutwa, kwa sababu nilipokuwa kazini mlikuwa mkiimba. Mimi nilikuwa nikirudi, nikiwa bado kwenye njia ya kuingilia namsikia kupitia mlango. Nikitia ufunguo, ananyamaza. Nikiingia namkuta ametulia kitini, mikono mapajani, ananitazama kwa heshima. Nilijaribu kumbembeleza. Nilimwambia, "Imba, Baba Wakesho, mimi sina neno." Akatikisa kichwa kwa upole. Alikuwa ameelewa vizuri mara ya kwanza.

Yule kasisi wa kanisa lake alipokuja kumwona, nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Walikaa sebuleni. Kisha kasisi akaimba mstari mmoja, akauacha. Baba yako akajibu kwa mstari unaofuata. Kasisi akaendelea, naye akajibu, hivyo hivyo, zamu kwa zamu, na katikati nikamsikia mume wangu akicheka. Kicheko chake cha Nairobi. Nilizima jiko nikasimama nyuma ya mlango kama mwizi.

Kasisi alipoondoka nilimfuata mpaka kwenye gari lake. Nikamuuliza, "Baba, anasema nini? Siku zote hizi, anajaribu kutuambia nini?"

Alikuwa mzee mwenye busara, na hakutaka kunidanganya. "Mama, hakuambii kitu," akasema. "Ni Zaburi. Amezifuata zilivyopangwa, toka ya kwanza. Akizimaliza anaanza upya. Hakuna ujumbe ndani yake isipokuwa ule uliomo."

"Sasa alikuwa anacheka nini?"

"Alikosea mahali, nikamsahihisha. Alifurahi kusahihishwa."

Nimekuandikia hili makusudi, Wakesho. Ulisema unakwenda kumtafuta baba yako. Naogopa utafika huko, utajifunza, utafungua hivyo vitabu vya ngozi, na siku utakapoelewa alichokuwa akikiimba utakuta kwamba hajataja jina lako mahali popote, wala langu. Mimi niliukuta ukweli huo nje, karibu na gari la mtu, na mafuta ya vitunguu yako mikononi mwangu. Ukweli wenyewe uliniumiza. Lakini baadaye nilipoutafakari niliona kwamba alikuwa na mahali palipokuwa pazima, pasipoguswa na ugonjwa, na alikuwa hapo na wewe. Mtu akikaa na mwanawe mahali kama hapo, sijui kama lazima ujumbe uwepo.

Siku zake za mwisho, pale hospitali, nilimwinamia nikamwambia, "Imba." Wewe ulikuwa umekwenda kuchukua kahawa. Nilimwambia mara nyingi. Nilijaribu hata kumwanzishia, mimi ambaye sijui, nikatunga sauti kama nilizozisikia kupitia mlango. Alifumbua macho. Hakuimba. Nadhani nguvu zilikuwa zimeisha. Najilazimisha kuamini kwamba ni nguvu.

Mazishi unayajua. Kasisi aliimba, na watu wote pale makaburini wakaitikia, "Egzio," wanawake na shuka zao nyeupe, wanaume, hata watoto wadogo waliozaliwa hapa hapa Texas. Nilijua maana yake kwa sababu bibi mmoja alininong'oneza: ni kumwita Bwana. Wakarudia na kurudia. Na sisi wawili, tuliokuwa mbele kabisa, tuliofiwa, ndio tuliokuwa bubu. Nilikuona ukifungua mdomo na kuufunga. Nilijua wakati ule kwamba utakwenda kuitafuta lugha ile. Nilichofanya baadaye, kule kucheka, kule kukwambia haina kazi, ilikuwa ni kujaribu kuuziba mdomo mwingine.

Sasa nikwambie kwa nini nilibadilika, maana uliniuliza nikasema "nimechoka kubishana", na haikuwa kweli.

Ilikuwa mwezi wa nne, baada ya ule ugomvi wetu. Nilirudi mchana, waliniruhusu mapema. Nikiwa bado nje nikasikia sauti yako. Ulikuwa ukizisoma zile herufi, ha, hu, hi, unakwama, unarudi nyuma, unaanza tena. Sauti yako nzito kuliko ninavyoijua. Nikatia ufunguo mlangoni.

Ukanyamaza.

Nilisimama pale nje, mkono wangu kwenye ufunguo, nikashindwa kuuzungusha. Nilijua nikiingia nitakukuta umekaa vizuri, mikono mapajani, unanitazama kwa heshima. Na ndivyo nilivyokukuta. Kitabu umekikalia. Mwanangu, mtu anaweza kufanya kosa moja likamgeuka tabia bila yeye kujua, mpaka watu wake wajifunze kunyamaza wakisikia hatua zake. Hakuna aliyeniambia. Ningependa wewe uwe na mtu wa kukwambia, na akikwambia umsikilize, hata kama ni mimi.

Nilisema, "Endelea." Ukadhani nazungumzia chakula kilichokuwa jikoni, ukasema kimeshaiva. Tukala. Usiku ule nikakutilia sahihi karatasi ya likizo ya kibarua chako pale kazini kwangu, nikakwambia nenda. Hiyo ndiyo sababu.

Lile neno la maji, basi, lilitokana na hayo. Ni mimi niliyekuwa nikitaka maji. Yeye hakuwahi kukosa. Wewe ulikuwa ukimnywesha kabla hajaomba, nami nilikuwa nakuona.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu unakokwenda. Sijasoma. Ninachokijua ni hiki kidogo: utakuwa na walimu ambao watakijua Kige'ez kuliko baba yako alivyokijua, na huenda wakakuonyesha kwamba matamshi yake yalikuwa ya kijijini au alichanganya mistari. Usimtetee, na usimwonee aibu. Alifurahi kusahihishwa. Kutakuwa na siku utakapochoka uone kwamba hukwenda kwa ajili ya lugha, ulikwenda kwa ajili ya msiba, na msiba peke yake haumwamshi mtu asubuhi kwenda darasani. Siku hiyo ukitaka kurudi, rudi, mlango ni wako. Ukitaka kubaki kwa sababu umeipenda lugha yenyewe, hata kama umeacha kumfikiria baba yako kwa saa nzima au siku nzima, baki, wala usidhani umemsaliti. Yeye mwenyewe alimwacha baba yake akiwa hai, akaishi kulijutia hilo. Wewe hukumwacha.

Na mimi nina wivu. Sikutaka kuliandika, lakini kama ni barua ya kweli, acha liandikwe. Utaingia mahali ambapo niliishi mlangoni pake ndoa yangu yote. Utamjua mume wangu kwa upande ambao mimi sitaujua. Nimekaa na hilo wiki hizi zote huku nakusaidia kukunja nguo. Halijaniua.

Mwezi wa tisa, ukisharudi, kanisa lake litamfanyia kumbukumbu ya mwaka. Kasisi ameshanipigia simu. Tutasimama pale makaburini, mimi na wewe, mbele kabisa kama desturi. Ataimba, na watu wataanza kuitikia. Mimi bado nitakuwa sijui kitu. Nitakushika mkono, na nitakapokubinya, uitikie. Uitikie na sehemu yangu.

Mama yako